Ming'oko au ndiga? Tazama jani kabla ya kushika jembe

Ming'oko na ndiga ni ndugu, wote jamii ya viazi vikuu. Mng'oko unachemshwa na kuliwa. Ndiga ina sumu ya kundi la dioskorini: huleta kizunguzungu, kutapika, hata degedege.

1. Weka alama wakati wa masika

Ming'oko huchimbwa kiangazi, majani yameshapukutika, na hapo ndipo watu wanapokosea. Pita porini Februari hadi Aprili. Mng'oko una jani moja kwa kila kikonyo, umbo la moyo. Ndiga ina vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, kama kunde. Miiba usiitegemee, ndiga nyingi zina miiba shinani, ila zipo zisizo nayo.

Funga kitambaa kwenye shina la mng'oko, chini kabisa, karibu na ardhi. Ukifunga juu, shina likikauka litakatika na alama itakwenda nalo.

Hukuweka alama? Tafuta majani makavu yaliyonasa, kisha lifuate shina kwa mkono mpaka udongoni. Mashina husokotana, na jani uliloshika laweza kuwa la jirani. Ukiwa na shaka, acha.

2. Chimba kwa pembeni

Anza shibiri moja kutoka kwenye shina, kwa mti uliochongwa ncha. Mizizi ya mng'oko ni myembamba. Ukiivuta inakatikia chini, hata kwenye kichanga laini cha Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara. Ukikuta mizizi minene imekusanyika kishada kimoja, simama: hiyo dalili ya ndiga.

Kichwa kinachoshika shina kirudishe shimoni, ufukie. Ndicho kitakachochipua mvua zikianza.

3. Chemsha na maganda

Osha mchanga, usimenye. Maji yafunike mizizi, tia chumvi, funika dakika 30 hadi 40, mpaka kijiti kipenye bila kulazimisha. Menya wakati wa kula.

Mmoja ukiwa mchungu, tema na mwaga sufuria nzima. Sumu ya ndiga huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo mizizi iliyobaki nayo imeshaingiwa na sumu hiyo.

Na ndiga yenyewe?

Miaka ya njaa huliwa, baada ya kukatwa vipande vyembamba, kulowekwa siku kadhaa kwenye maji yanayotiririka na kuanikwa. Kuchemsha mara moja hakutoshi. Kazi hiyo ifanye ukiwa na bibi au babu anayeijua, si kwa kusoma. Aliyeila akianza kuyumba, mwahishe hospitali na ubebe kipande cha mzizi, waganga wauone.