Miwani ya VR bila kichefuchefu: anza na lenzi

Abiria wa boti ya Goma–Bukavu aliyekaa ndani, macho yake yakitazama ukuta usiosogea huku mawimbi ya Ziwa Kivu yakimyumbisha, roho huanza kumchafuka. Kwenye miwani ya VR, inayofunika macho na kukuonyesha gemu kana kwamba uko ndani yake, mambo hugeuka: macho yanaona unakimbia, lakini sikio la ndani, linalopima mwendo wa mwili, linajua umekaa kitini. Ubongo ukipata habari zinazogongana hivyo, jasho na kichefuchefu hufuata.

Kwenye kumbi za gemu, ambako miwani moja hupita kichwa baada ya kichwa, angalieni lenzi kwanza. Zikibaki zilivyopangwa kwa mtu aliyetangulia, picha huwa na ukungu, macho huchoka, na kichwa huuma hata kabla gemu haijaanza. Nafasi kati ya lenzi ilingane na umbali kati ya mboni zako. Pima umbali huo hivi: simama kama sentimita 20 mbele ya kioo, weka rula juu ya nyusi. Funga jicho la kulia, panga sifuri na katikati ya mboni ya kushoto. Bila kusogeza kichwa wala rula, funga la kushoto, fungua la kulia, soma milimita zilizo juu ya mboni yake. Watu wazima wengi huwa karibu na 63. Miwani ya Quest 2 ina nafasi tatu tu za lenzi, milimita 58, 63 na 68, basi chagua iliyo karibu na kipimo chako. Kisha sogeza miwani juu na chini taratibu mpaka maandishi yasomeke vizuri, ndipo ukaze mikanda.

Mgeni aanze na gemu ambazo yeye hasogei, vitu ndivyo vinavyomjia. Gemu ikidai kutembea, ingia kwenye mipangilio: chagua kuruka moja kwa moja hadi mahali badala ya kuteleza, kugeuka kwa hatua za digrii 30 au 45, na kivuli kinachobana pembeni mwa picha wakati wa mwendo. Kivuli hicho wengi hukizima kwa kuona kinaharibu picha. Kiache, kinasaidia sana. Na kila mtu ashike vidhibiti mwenyewe, kwa sababu anayeendeshwa huchafukwa haraka kuliko anayeendesha.

Picha ikikatakata, acha, hata kama mipangilio yote ni sawa. Picha zikishuka chini ya 72 kwa sekunde, mwili huhisi. Mara nyingi miwani imepata joto. Ipoze kivulini, kamwe usiielekeze lenzi kwenye jua, zitaunguza kioo cha ndani.

Feni ikuelekee usoni. Umeme ukikatika, fungua dirisha. Chai ya tangawizi nusu saa kabla huwasaidia baadhi ya watu.

Siku za kwanza dakika 5 hadi 10 zinatosha. Mate yakijaa mdomoni, uso ukipata joto au miayo ikianza, vua papo hapo, usisubiri kumaliza raundi. Kujikaza hakuzoeshi mwili. Kunaufundisha kuichukia miwani. Rudi baada ya dalili zote kuisha, hata ikiwa ni kesho, na usipande pikipiki kuendesha kabla kizunguzungu hakijaisha kabisa.