Kabla hujawapeleka watoto kwenye paki ya burudani, punguza ratiba kwanza

Wazazi wenzangu, kabla hujakata tiketi muulize kila mtu nyumbani kitu kimoja anachokitaka kwa roho yake yote, kimoja tu sio vitano. Hivyo ndo vinaingia kwenye ratiba, vingine mkivipata sawa, msipovipata pia sawa. Kumaliza kila kitu haiwezekani, Walt Disney World peke yake kule Florida ina paki kuu nne na kila moja inakula siku nzima, ukilazimisha mbili kwa siku moja na mtoto wa miaka minne mtaishia kuburuzana na kilio.

Kimo ndo cha kuangalia mapema sana. Wapime watoto na viatu watakavyovaa siku hiyo afu linganisha na masharti kwenye tovuti ya paki, mfano Space Mountain, mchezo wa treni ya kasi pale Disney World, inataka sentimita 112, na pale mlangoni mhudumu anamsimamisha mtoto kwenye kipimo, akipungua kidogo tu hapandi hata mbembeleze vipi, inauma sana kama alishaahidiwa mwezi mzima. Kama mdogo hafiki, ulizia utaratibu wa wazazi kupokezana, mmoja anapanda mwingine anabaki na mtoto, kisha wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Paki nyingi kubwa wanao.

Siku ya kusafiri usiweke paki kabisa. Siku za paki fikeni kabla geti halijafunguliwa maana saa la kwanza foleni bado fupi, vile vya lazima vifanyeni hapo, afu kuanzia saa sita mpaka saa tisa mchana acha wazi, rudini hotelini watoto walale au tafuteni sehemu yenye kivuli mkae. Jua linakuwa kali na foleni ndo zimejaa, na kwa Florida msimu wa joto mvua za radi hupiga sana mchana, michezo ya nje inasimamishwa.

Mkobani weka maji, kofia, nguo ya kubadili na pawabenki sababu tiketi na ramani siku hizi ziko kwenye simu. Namba yako muandikie mtoto mkononi kwa kalamu isiyofutika haraka.

Na mkubaliane mapema kabisa kwamba yeyote akisema amechoka mnaondoka, hata kama tiketi ilikuwa ghali na bado kuna jua.