Ongeza ukuzaji uitambue Uranusi

Ukishaielekeza darubini pale ramani ya anga inapoonyesha Uranusi, usiamue kwa rangi peke yake. Ongeza ukuzaji hadi mara 150 au 200. Nyota itabaki nukta, lakini sayari itatanuka iwe kiduara chenye ukingo, kwa kuwa ina upana halisi angani: takriban 1/500 ya upana wa Mwezi. Neptuni ni ngumu zaidi, 1/800 hivi, basi ipe mara 250 darubini ikiruhusu. Mbinu hii hushindwa hewa ikitikisika au sayari ikiwa karibu na upeo wa macho, maana hapo hata nyota huvimba. Usiku kama huo chora nyota za jirani, kisha tazama tena baada ya siku chache: iliyohama ndiyo sayari.