Kufundisha huduma ya dharura kazini: zoezi la dakika 20 kwa hospitali za wilaya za Mtwara na Lindi

Kozi ya siku 5 ya huduma ya msingi ya dharura iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani ni mwanzo mzuri. Shida huanza baadaye: aliyefundishwa anahamishiwa wodi nyingine, na anayeshika nafasi yake hajawahi kugusa ambu, yaani mfuko wa kuminya wa kumpulizia hewa mgonjwa asiyepumua vizuri. Kwa hospitali kama za Newala, Tandahimba au Nachingwea, fanyeni zoezi la dakika 20 wakati wa kupokezana zamu, mara 2 kwa wiki, ndani ya chumba chenyewe cha dharura, kwa vifaa vya siku zote. Daktari, tabibu, muuguzi na mhudumu wote wawepo. Mara nyingi mhudumu ndiye anayempokea mgonjwa mlangoni.

Chagua kisa kinachowafikia kweli: mtu aliyeanguka kutoka kwenye mnazi, dereva wa bodaboda aliyepata ajali akiwa na gunia la korosho, mtoto mwenye homa na degedege. Mmoja wenu alale awe mgonjwa. Kwa mtoto, tumia mdoli. Mkufunzi ashike karatasi yenye vipimo na asitaje hata kimoja mpaka kipimwe. Anayeuliza “presha ngapi?” kabla hajafunga kifaa mkononi mwa mgonjwa, usimjibu.

Mpangilio ni uleule: A njia ya hewa, B upumuaji, C mzunguko wa damu, D ufahamu, E kumfunua mgonjwa mwili mzima na kumfunika tena asipate baridi. Tatizo likionekana kwenye herufi moja, litibiwe hapo hapo kabla ya kwenda inayofuata. Wengi hupima zote tano vizuri, kisha ndipo waanze kutafuta oksijeni. Wakati huo mgonjwa wa kweli angekuwa ameshazidiwa.

Ambu ipewe muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Kwanza ikaguliwe: ziba tundu la kutolea hewa kwa kiganja, kisha minya. Ikinywea bila kukinza, inavuja, na mara nyingi ni vali iliyorudishwa vibaya baada ya kuoshwa. Kisha wafanye wawili wawili. Mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili na kuinua taya liifuate barakoa. Akiikandamiza usoni, kidevu hurudi nyuma na njia ya hewa huziba. Mwenzake aminye polepole mpaka kifua kiinuke tu, mara 1 kila sekunde 5 hadi 6 kwa mtu mzima. Ukiminya kwa nguvu au kwa haraka hewa huingia tumboni, mgonjwa hutapika, na matapishi huenda kwenye mapafu.

Barakoa yenye mfuko wa akiba huhitaji lita 10 hadi 15 za oksijeni kwa dakika. Mashine nyingi za kuzalisha oksijeni zilizopo wodini mwisho wake ni lita 5 au 10. Waonyeshe kwa macho yao: funga barakoa hiyo kwenye mashine ya lita 5 uone mfuko unavyonywea mtu anapovuta pumzi. Mgonjwa anayehitaji barakoa hiyo ni wa mtungi wa oksijeni.

Kwenye D, sukari ipimwe kwa kila aliyepoteza fahamu au mwenye degedege. Ikiwa chini ya 3.5 mmol/L, mtoto hupewa dekstrosi (maji ya sukari ya mshipani) ya 10% kwa mililita 5 kwa kila kilo. Stoo huwa na ya 50%, kwa hiyo wachanganye kwa mikono yao: sehemu 1 ya dekstrosi kwa sehemu 4 za maji ya sindano. Mtoto wa kilo 12 anahitaji mililita 60, yaani 12 za dekstrosi na 48 za maji. Kumpa ya 50% bila kuizimua kunaunguza mshipa.

Dripu kwa watoto ifundishwe kwa tahadhari kubwa. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuwamiminia maji kwa kasi watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu kuliongeza vifo. Kwa hiyo kabla ya kufungua dripu, waangalie viganja kama vimepauka, dalili ya upungufu wa damu, na dalili za utapiamlo mkali. Mshtuko kamili, yaani mzunguko wa damu kushindwa, kwa mtoto ni mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu yaendayo mbio, na damu kuchelewa kurudi kwenye kucha zaidi ya sekunde 3, vyote vitatu kwa pamoja. Huyo hupewa mililita 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya dakika 30 hadi 60, akitazamwa upumuaji muda wote. Mwenye upungufu mkali wa damu anahitaji damu.

Mkimaliza, dakika 5 za mazungumzo zinatosha. Aanze kusema aliyeongoza zoezi, na mtoke na jambo moja la kurekebisha, si kumi.

Mara moja kwa mwezi fanyeni zoezi la rufaa. Mmoja apige simu hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), akitaja tatizo la mgonjwa, vipimo vya sasa, alichopewa na saa aliyopewa. Kisha wapige hesabu ya oksijeni. Masasi hadi Ligula ni takribani kilomita 200. Mkikadiria safari ya saa 3 kwa lita 5 kwa dakika, mnahitaji lita 900, na mtungi mdogo uliojaa una lita 680 tu: utaisha baada ya saa 2 na robo. Hesabu hiyo ikishafanywa, waende wote kwenye gari la wagonjwa wakasome geji ya mtungi uliomo siku hiyo.