Nilivyoipata upya hukumu yangu ya talaka mahakamani, nawe utakavyoipata yako

Mwishoni mwa mwaka jana nilikwenda bomani na mzee mwenzangu kuandikisha ndoa. Mimi ni fundi cherehani wa Mbagala, umri umeshavuka hamsini, sikuwa na haja ya shela wala ukumbi. Nilitaka tuweke saini, tukanywe chai, basi. Karani akaniuliza, "Mama, uliwahi kuolewa?" Nikamwambia ndiyo, na mahakama ilituachanisha zamani. "Karatasi iko wapi?"

Karatasi ilikuwa kwenye sanduku la mbao nililomwachia dada yangu, na mchwa walishaimaliza.

Nilikasirika, lakini yule binti alikuwa na haki. Ndoa ya bomani hutangazwa siku 21 ili mwenye pingamizi ajitokeze, na aliyewahi kuolewa sharti aonyeshe kwamba ndoa ya kwanza imekwisha kisheria. Maneno ya mdomo hayatoshi. Hata karatasi ya talaka kutoka msikitini au Bakwata, kwa sisi wa Bara, haichukui nafasi ya amri ya mahakama. (Zanzibar wana utaratibu wao na Mahakama ya Kadhi. Kama talaka yako ni ya huko, anzia kwao, haya yangu hayatakusaidia sana.)

Jambo la kwanza ni kujua unaomba nini. Mimi nilifika dirishani nikasema "nataka talaka yangu", karani akacheka. Kuna hukumu, yaani maelezo ya hakimu na sababu zake. Kuna amri ya talaka, ambayo mawakili huiita dikrii: karatasi fupi inayosema ndoa imevunjwa na nani anapata nini. Na kuna mwenendo wa shauri, kila kilichosemwa na mashahidi tangu siku ya kwanza. Mwenendo ni wa wanaokata rufaa, usiulipie bure. Omba hukumu na amri, zote mbili.

Pili, mahakama ipi? Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu kesi ya talaka kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Kwa hiyo "tuliachana mahakamani pale mjini" haitoshi, maana pale mjini zinaweza kuwa tatu. Kwa wa Dar, tangu 2021 kuna Kituo Jumuishi cha masuala ya familia Temeke, ambapo Mwanzo, Wilaya na Mahakama Kuu ziko pamoja. Kama shauri lako ni la miaka hii ya karibuni, kaulize hapo kabla hujazunguka jiji.

Sasa namba. Hapa ndipo nilipopoteza nauli. Kila shauri lina namba na mwaka, na bila hiyo karani anatafuta sindano. Itafute nyumbani kwanza: kwenye samansi ya zamani, risiti ya ada, barua ya wakili. Fomu Namba 3 ya Baraza la Usuluhishi, mnakopita kabla ya kwenda mahakamani, haina namba ya kesi, ila tarehe yake itakusaidia kukisia mlifungua lini. Mtalaka wako naye alipewa nakala. Mimi nilimeza kiburi nikampigia wangu baada ya miaka mingi. Akaniambia yake aliichoma siku ileile.

Nikapanda basi mikono mitupu hadi mji tuliokuwa tukiishi, nikaingia masijala ya Mahakama ya Mwanzo. Mashauri ya siku hizi yamo kwenye kompyuta. Ya kwangu yamo kwenye rejista, daftari kubwa la jalada gumu, kona zimeliwa, wino wa bluu umegeuka zambarau. Nikamwambia karani hukumu ilitoka 2009. Akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, mwaka mzima, hakuna kitu. Nikarudi Dar nikilia ndani ya basi.

Kosa lilikuwa langu. Shauri huandikwa kwa mwaka lilipofunguliwa, si mwaka lilipoamuliwa. Sisi tulifungua Novemba 2008. Safari ya pili nikamwomba afungue daftari la 2008, akalikuta ndani ya dakika kumi. Jina la baba yangu limeandikwa "Ally" wakati kitambulisho changu kinasema "Ali". Kwa hiyo mwambie karani atafute pia kwa jina la mwenzako, na kwa kila namna jina lako linavyoweza kuandikwa vibaya.

Pembeni ya mstari wangu palikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu: rufaa. Nikakumbuka. Mtalaka wangu hakupinga talaka, alipinga mgawanyo wa nyumba, tukaenda Wilaya. Rufaa ikikatwa, jalada la chini huitwa juu, na si kila jalada hukumbuka njia ya kurudi. Langu nililikuta masijala ya Mahakama ya Wilaya, limefungwa kwa uzi mweupe ndani ya jalada la rufaa, ambalo lina namba yake nyingine kabisa. Kama mlikata rufaa, chukua nakala za hukumu zote mbili; ya chini peke yake itaacha swali kama jambo lilikwisha. Ya Mwanzo itakuwa kwa Kiswahili. Ya Wilaya, kwa miaka ile, ni Kiingereza. Kama rufaa yenu ilifika Mahakama Kuu au Mahakama ya Rufani, angalia pia TanzLII, tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania, unaweza kuikuta hukumu bure, na angalau utapata namba zote. Ila kuichapa stesheneri hakuifanyi nakala yenye muhuri.

Namba ukishaipata, andika barua. Yangu ilikuwa hivi:

"Kwa Hakimu Mfawidhi, Mahakama ya Wilaya ya ....
YAH: KUOMBA NAKALA YA HUKUMU NA AMRI YA TALAKA, SHAURI LA NDOA NA. .... LA MWAKA 2008, PAMOJA NA HUKUMU YA RUFAA NA. ....
Mheshimiwa, mimi ndiye niliyekuwa mdai katika shauri lililotajwa. Nakala yangu imeharibika. Naomba nakala mbili zilizothibitishwa, kwa ajili ya kuandikisha ndoa. Naambatisha nakala ya kitambulisho changu na taarifa ya polisi ya upotevu."

Jina, simu, saini. Usisimulie ndoa ilivyokuwa, hakimu ameshaisoma. Peleka barua mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe ubaki nayo. Ukiulizwa wiki mbili baadaye "barua ipi?", unaitoa kwenye pochi. Asiyekuwa mdaawa, yaani upande mmoja wa kesi, kwa mfano mtoto anayeshughulikia mirathi ya baba yake, aeleze sababu na aambatishe cheti cha kuzaliwa au barua ya usimamizi wa mirathi, maana hawa hakimu huwatazama kwa makini zaidi.

Ada utapewa kwa kontroo namba, unalipa benki au kwa simu. Safari ya kwanza, mtu mmoja koridoni, wala sijui kama ni mtumishi, alinionyesha kwa ishara kwamba kwa "ya soda" jalada litaonekana haraka. Nikajifanya sielewi lugha ya vidole. Akikusumbua mtu wa namna hiyo, namba ya Takukuru ni 113, bure.

Siku ya kuchukua, usiondoke dirishani kabla hujasoma. Kaa kwenye benchi, vaa miwani. Tazama majina, tarehe ya hukumu, namba ya shauri, muhuri na saini ya kuthibitisha kwenye kila ukurasa. Wangu mmoja ulikuwa hauna muhuri. Kurekebisha pale pale kulichukua dakika tano, kurudi tena kutoka Mbagala kungechukua siku mbili. Ile "Ally" hawawezi kuibadilisha, ndivyo ilivyo kwenye jalada. Niliapa kiapo cha majina kwa wakili, nikakibana nyuma ya hukumu.

Bado RITA. Hao ndio wanaosajili ndoa na talaka, na wanataka karatasi za mahakama pamoja na cheti cha ndoa iliyovunjwa. Mimi nimeanza na bomani kwanza, kwa sababu mzee mwenzangu hana subira. Yule binti alisoma kurasa zote, akauliza kuhusu "Ally", nikamfunulia kiapo. Leo tangazo letu lina siku ya tisa ukutani.