Jinsi ya Kulisoma Jibu la Otoantibodi Katika Uchunguzi wa Saratani ya Matiti

Anayeshika karatasi ya majibu ya kipimo hiki, awe mgonjwa, ndugu yake au mhudumu wa kituo cha afya, anapaswa kuelewa kwanza kwamba damu haikupimwa saratani yenyewe. Kilichopimwa ni otoantibodi, yaani kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya protini zake wenyewe. Seli za saratani huzalisha baadhi ya protini kwa wingi kupita kiasi, au huzizalisha zikiwa zimebadilika umbo, na mfumo wa kinga huzichukulia kuwa ngeni. Kingamwili zinazotokana na hali hiyo hudumu katika damu na huweza kuwapo uvimbe ukiwa bado mdogo, ndiyo maana watafiti wamezifuatilia tangu mwaka 1982, ilipogunduliwa kwamba baadhi ya wagonjwa wa saratani ya matiti wana kingamwili dhidi ya protini iitwayo p53.

Anza kwa kutazama antijeni ngapi, yaani protini zinazolengwa na kingamwili, zilitumika. Katika utafiti huo wa 1982, kingamwili dhidi ya p53 zilionekana kwa takriban asilimia 9 tu ya wagonjwa, kwa hiyo kipimo chenye antijeni moja hakifai kabisa kumwambia mtu kwamba yu salama. Kwa sababu hiyo antijeni hupimwa kwa makundi, zikiwamo p53, MUC1, HER2 na NY-ESO-1. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, walipima damu za wagonjwa 90 na za wanawake 90 wasio na saratani ya matiti. Kundi lao la antijeni tisa liliwabaini asilimia 37 ya wagonjwa, na likawatambua kwa usahihi asilimia 79 ya wasio na ugonjwa.

Asilimia hizo hupotosha zikisomwa harakaharaka, hivyo zifanyie hesabu. Tuseme wanawake 1,000 wasio na dalili wamepimwa kwenye viwanja vya Furahisha jijini Mwanza, na watano kati yao wana saratani bila kujua. Kipimo kitawabaini wawili hivi na kuwaacha watatu. Katika wale 995 wasio na ugonjwa, 209 hivi watapewa jibu chanya. Kwa maneno mengine, karatasi zenye neno «chanya» zitakuwa takriban 211, na saratani itakuwa kwa wawili tu kati ya wanawake hao. Anayetangaza kipimo cha namna hii kana kwamba kinamaliza shaka yote anauza kitu ambacho hanacho. Bado kiko mikononi mwa watafiti na hakijawa sehemu ya huduma ya kawaida.

Kisha uliza mstari wa chanya na hasi uliwekwa wapi. Kingamwili hizi hupimwa kwa njia ya maabara iitwayo Elisa, inayofanyika kwenye sahani ya plastiki yenye vishimo 96: antijeni hugandishwa ndani ya vishimo, seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli) iliyozimuliwa hutiwa juu yake, kingamwili zikiwapo hunata, kisha kemikali hutoa rangi ambayo ukolezi wake husomwa na mashine. Mashine hutoa namba, haisemi ndiyo wala hapana. Mara nyingi mpaka huwekwa kwa kuchukua wastani wa watu wasio na ugonjwa na kuongeza mara mbili au tatu ya mkengeuko sanifu wao, yaani kipimo cha jinsi namba zao zinavyotawanyika. Hapo ndipo wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanapopaswa kuwa waangalifu zaidi, kwa kuwa malaria huchochea mwili kutengeneza kingamwili za kila aina, zikiwamo zinazolenga mwili wenyewe, na kichocho nacho huisumbua kinga kwa miaka mingi. Mpaka uliowekwa kwa wanawake wa Nottingham hauwezi kuhamishiwa Igogo au Magu bila kwanza kuwapima wanawake wa huku wasio na saratani. Mwenye lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe) au baridi yabisi inayotokana na kinga naye amweleze daktari kabla jibu halijatafsiriwa.

Jibu likiwa chanya na huna uvimbe, usianze dawa yoyote na usikubali upasuaji kwa ajili ya karatasi hiyo. Nenda ukapimwe matiti na makwapa kwa mikono ya mtaalamu, kisha ufanyiwe ultrasaundi au mamogramu (picha ya eksirei ya matiti) kadiri atakavyoelekeza kwa kuzingatia umri wako. Jibu likiwa hasi na uvimbe upo, au chuchu imeingia ndani, inatoa damu, au ngozi imekuwa kama ganda la chungwa, karatasi hiyo iweke kando kabisa na uombe rufaa. Wanawake wengi nchini Tanzania hufika hospitali ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, na jibu hasi la damu lisiwe sababu nyingine ya kuchelewa.

Hospitali ya Bugando, Mwanza, ndiyo ya rufaa kwa Kanda ya Ziwa na ina huduma za saratani. Anayetoka Ukerewe kwa meli aulize mapema, kupitia hospitali iliyompa rufaa, kama picha na kuchukuliwa kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa maabara) vinaweza kupangwa katika safari moja, kwa sababu nauli na malazi ndivyo huwafanya wengi wasirudi.

Kinyama ndicho kinachothibitisha saratani. Ripoti yake inapaswa kueleza vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni pamoja na HER2, na hapo pana mkanganyiko wa mara kwa mara: kingamwili dhidi ya HER2 katika damu si sawa na HER2 inayopimwa kwenye kinyama. Daktari huchagua dawa za kulenga HER2 kwa kufuata jibu la kinyama. Jibu la damu halichukui nafasi yake.