SOMO: Kusanifu protini yenye asidi amino zote za lazima, tukianza na herufi 129 za laisozaimu ya yai

Wakuu, maabara tuiache kwanza. Chukueni kalamu na karatasi, leo tunahesabu herufi.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Ziko za aina 20, na 9 kati ya hizo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima ziingie kwa mdomo. Fundi cherehani akiwa na kitambaa cha mashati kumi na vifungo vya mashati matano, atauza mashati matano. Mwili nao hujenga misuli kwa kiasi cha ile asidi iliyopungua kuliko zote. Kwa hiyo msanifu hatafuti "protini nyingi", anatafuta kifungo kilichopungua.

Hatua ya 1: Chagua protini inayojulikana vizuri

Nimechagua laisozaimu ya ute wa yai la kuku. Ni kimeng'enya kinachokata kuta za bakteria. Alexander Fleming alikigundua 1922, miaka sita kabla ya penisilini. Mwaka 1965 kikawa kimeng'enya cha kwanza duniani kuonekana umbo lake lote kwa mionzi ya eksirei. Tunajua kila kipande kimekaa wapi, na mwanafunzi anahitaji protini ya namna hiyo. Mnyororo wenyewe, kila herufi asidi amino moja:

KVFGRCELAA AMKRHGLDNY RGYSLGNWVC AAKFESNFNT QATNRNTDGS TDYGILQINS RWWCNDGRTP GSRNLCNIPC SALLSSDITA SVNCAKKIVS DGNGMNAWVA WRNRCKGTDV QAWIRGCRL

Hatua ya 2: Hesabu

K ni laisini. Ziko 6. Laisini moja ina uzito wa 146, protini nzima takriban 14,300. Zidisha 6 kwa 146, gawa kwa 14,300, zidisha kwa 1,000: unapata miligramu 61 za laisini kwa kila gramu ya protini. Rudia kwa L (luisini, ziko 8, uzito 131), T (treonini, 7, uzito 119), na nyingine. Ni kazi ya nusu saa. Programu ya jedwali itakupa jibu kwa sekunde, lakini mara ya kwanza fanya kwa mkono, macho yazoee.

Hatua ya 3: Linganisha na mahitaji

FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, walitoa mizani mwaka 2013. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 3, kila gramu ya protini inatakiwa iwe na miligramu hizi: laisini 57, luisini 66, treonini 31, valini 43, histidini 20, na kadhalika. Laisozaimu yetu: laisini 61, imepita. Luisini 73, imepita. Treonini 58, karibu mara mbili. Tiriptofani (W) iko ya kumwaga, 86 wakati inahitajika 8.5 tu.

Mara ya kwanza nilipofanya zoezi hili niliingia na jibu kichwani: kasoro itakuwa laisini, kwa mazoea ya ugali wa mahindi, wenye laisini kidogo. Sasa tafuta H, yaani histidini. Iko moja tu, nafasi ya 15. Uzito wake 155, gawa kwa 14,300, zidisha kwa 1,000: ni miligramu 10.8, na zinatakiwa 20. Protini nzuri namna hii inapata alama 54 kwa mia kwa sababu ya herufi moja!

Hatua ya 4: Uliza ndugu zake

Tunahitaji H moja zaidi. Tuiweke wapi? Usibahatishe. C (sisteini) nane usiziguse kabisa, zinafungana mbilimbili na kuishikilia protini isifumuke. Herufi za ndani, zilizojificha mbali na maji, nazo ziache.

Njia salama ni kuangalia protini ileile kwa mnyama wa jirani. Laisozaimu ya bata mzinga inatofautiana na ya kuku katika nafasi saba. Mbili kati ya hizo, ya 41 na ya 121, kuku ana Q na bata mzinga ana H. Q ni glutamini, mwili unajitengenezea, ukiitoa hupotezi kitu. Maumbile yameshatujaribia. Tubadilishe ya 121.

Hatua ya 5: Hesabu upya

H mbili zinatoa takriban miligramu 22. Imepita 20. Sasa iliyo chini kuliko zote ni laisini, nayo ina 107 kwa mia. Hakuna kifungo kilichopungua.

Hatua ya 6: Maabara

Hapo ndipo jeni linaandikwa, linaingizwa kwenye hamira au kiumbe kingine cha kuzalishia, protini inasafishwa, kisha inajaribiwa kwa pepsini na tripsini, vimeng'enya vya tumbo na utumbo, kuona kama inameng'enyeka. Alama ya karatasi huzidishwa kwa kiwango cha umeng'enyaji. Protini iliyofungwa kwa C nane inaweza kuwa ngumu kwa tumbo, kwa hiyo ijaribiwe mbichi na iliyopashwa moto.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, kwa nini tusiweke H kumi kabisa?

Jibu: Zinazozidi mwili hauweki akiba, unazichoma kama kuni. Na kila herufi unayobadilisha inaongeza hatari ya protini kutojikunja sawasawa.

Swali: Shida yetu ni mahindi. Kwa nini usisanifu zeini ya mahindi?

Jibu: Zeini, protini kuu ya punje ya mahindi, karibu haina laisini kabisa, na imepangwa kwa kubanana ndani ya punje, ukiichomeka laisini nyingi unavuruga mpangilio. Watafiti wa mbegu walipita mlango mwingine. Miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, iligundulika kuwa jeni liitwalo opaque-2 hupunguza zeini, protini nyingine zinapanda, na laisini inakaribia mara mbili. Punje zikawa laini, wadudu wakafurahi. Evangelina Villegas na Surinder Vasal wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichoko Meksiko, walihangaika miaka mingi mpaka zikawa ngumu, wakapewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2000. Kwa nyumbani lakini, ugali na maharage unamaliza kazi hii bila jeni lolote.

Swali: Mwenye mzio wa mayai je?

Jibu: Asiiguse. Laisozaimu ni mojawapo ya vizio vya yai, na kubadilisha herufi moja hakuondoi hilo. Soya iliwahi kuwekewa protini ya karanga za Brazili kwa ajili ya methionini, mojawapo ya zile 9 za lazima. Vipimo vilivyochapishwa 1996 vikaonyesha mzio umehama nayo, mradi ukaachwa.

Swali: Mwalimu, nimechukua mnyororo UniProt, hazina ya protini mtandaoni, namba P00698. Nina herufi 147, na L ziko 15. Nimekosea wapi?

Jibu: Hujakosea kuhesabu. Herufi 18 za mwanzo ni anwani ya kuitoa protini nje ya seli, hukatwa njiani, kabla protini haijatoka. Zifute, anza na KVF, L zitarudi 8.